Nani Amesema Imezeeka?

Prosesa ya kompyuta haichoki. Ile iliyotoka kiwandani mwaka 2012 ikiwa na kasi ya mapigo bilioni 3.2 kwa sekunde inapiga mapigo yaleyale leo, ilimradi joto halijaiunguza. Ukiirudishia programu za mwaka ule na kazi za mwaka ule, itakwenda kama ilivyokwenda siku ya kwanza ilipowashwa. Kwa hiyo mtu anaponiambia kompyuta yake imezeeka, natamani kumuuliza: kwa kipimo cha nani? Nimekaa na swali hili kwa muda, na kadiri ninavyolichimba ndivyo ninavyoona kwamba uzee wa mashine hizi hupangwa mbali sana na meza zinapokaa, na watu wasiojua sisi tunazitumia kwa kazi gani.

Hapa kwetu Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam, swali hilo lina bei, na bei yenyewe inagombana na ada ya shule, luku na saruji.

Ya kwetu ni Dell OptiPlex 7010, boksi jeusi la kulaza, aina iliyoingia sokoni mwaka huo wa 2012 kwa ajili ya maofisi. Tuliinunua Kariakoo ikiwa mtumba. Ubavuni bado ina karatasi ya namba ya mali, yenye mistari ya kusomwa na mashine, na jina la ofisi ya Uingereza ambalo mtu alilikwangua akachoka katikati. Karatasi ile inasimulia safari yote. Ofisi nyingi za Ulaya na Ghuba hununua au hukodi kompyuta kwa mpango wa miaka mitatu hadi mitano. Muda ukifika mhasibu huzifuta vitabuni, hata kama jana yake zilifanya kazi bila kosa lolote. Hupakiwa kwenye makontena, nyingi zikipitia Dubai, zikashushwa bandarini kwetu na kuishia kwenye rafu za Kariakoo, zikiwa zimefutwa vumbi na kupigwa Windows upya. Ilipofika mikononi mwetu ilikuwa imeshatangazwa mzee mara moja. Aliyeitangaza alikuwa anatazama kalenda tu.

Nchi hii ina historia yake ya kuamuliwa kuhusu kompyuta. Ya kwanza serikalini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine kwenda kombo na kula fedha nyingi, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku, na katazo hilo lililegezwa polepole katika miaka ya 80 na 90. Watu wa rika langu tulimaliza shule bila kuigusa. Tulijifunza tukiwa watu wazima, kwa kulipia nusu saa nusu saa kwenye intaneti kafe, na zilipoanza kuingia majumbani mwetu ziliingia kama mtumba. Ndiyo maana nikimsikia mtu anazibeza kompyuta za mtumba ninakereka. Bila hizo, nyumba nyingi za huku pembezoni mwa jiji zingekuwa bado zinasubiri.

Na hazikai bure. Binti yangu yuko kidato cha nne. Anapakua vitabu kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania na mitihani ya nyuma ya NECTA, anaisoma kwenye monita kubwa badala ya kukodolea simu. Mjomba wake huja kuandika maombi ya kazi. Mimi huandika hapa, na hesabu za kikoba chetu zimo humu. Lakini ilifika mahali ukiiwasha asubuhi unaweza kufagia uwanja, ukarudi na kukuta kale kaduara bado kanazunguka. Ukifungua kurasa tatu za mtandao, ya nne inaganda. Binti akaanza kurudi kwenye simu. Hapo ndipo nilipoona kuwa tunaipoteza, maana kompyuta inayosubiriwa mno huachwa kimyakimya, hata kama haijafa.

Kila aliyepita alishauri tununue nyingine. Laptop mpya yenye nguvu ya kutosha inavuka milioni moja ya shilingi kwa urahisi, na milioni moja Madale ina majina mengi kabla haijaitwa laptop.

Kabla ya kutoa hata shilingi kuna jambo la kufanya lisilo na gharama, nalo ni kuangalia ni sehemu gani hasa inayochelewesha. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, linafunguka dirisha linaloonyesha nani ana kazi na nani anamsubiri mwenzake. Kwetu prosesa ilikuwa haifiki hata robo ya uwezo wake. Ilikuwa imekaa, inangoja. Ramu ya gigabaiti 4 ilikuwa imejaa karibu yote. Diski ilikuwa kwenye asilimia 100, na ikabaki hapohapo hata pale ambapo hakuna mkono uliogusa kibodi. Nililitazama dirisha lile kwa muda mrefu. Miezi yote hiyo tulikuwa tunalaumu boksi zima kwa ajili ya kiungo kimoja.

Nililibeba kwa bajaji hadi kwa fundi mmoja Tegeta, kijana mwenye kibanda cha upana wa mlango mmoja.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba. Kazi inaendaje?”

“Tunamshukuru Mungu.” Aliiwasha, akainamisha sikio juu ya boksi, akaniashiria nami nisogeze langu. Ndani mlikuwa na mlio mdogo, kama wa kucha juu ya bati, unakwenda na kusita, unakwenda na kusita. “Huyo ndiye anayekuchelewesha, mama. Mashine yenyewe ni nzima kabisa. Usinunue nyingine.”

Mlio ule una maelezo, na nayapenda kwa sababu yanaondoa uchawi kwenye jambo hili. Ndani ya diski ya zamani kuna sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea unaohamahama juu yake. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8 na ushei. Ukijumlisha muda wa mkono kuhama na muda wa kungoja mahali panapotakiwa pazunguke hadi chini ya kichwa, kusoma kipande kimoja kidogo kunakula milisekunde 12 au 13. Kwa kipande kimoja si kitu. Lakini Windows ikiamka inasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika kila kona ya sahani, na diski ya namna hii haivuki vipande mia moja hivi kwa sekunde. Diski ya kisasa iitwayo SSD haina sahani wala mkono. Data imelala kwenye chipu, na kipande chochote hufikiwa kwa sehemu ya kumi ya milisekunde moja au chini ya hapo. Prosesa ileile ya 2012, iliyokuwa inangoja, inapata chakula chake kwa wakati.

Ramu nayo ilikuwa na sehemu yake katika tatizo hilohilo. Ikijaa, kompyuta huhamishia vitu vya ziada kwenye diski na kuvirudisha vinapohitajika, kwa hiyo kila ukurasa mpya wa mtandao ulikuwa unamwongezea kazi yuleyule mwenye mkono mmoja. Na kurasa zimenenepa. Ukurasa wa gazeti wa mwaka 2012 ulikuwa maandishi na picha mbili tatu; wa leo unabeba video zinazojicheza, matangazo, na programu za kumfuatilia msomaji. Gigabaiti 4 ni zilezile, mzigo ndio umekua.

Pesa iliyokuwapo ilitosha kitu kimoja, tukaanza na SSD ya gigabaiti 240, ambayo haikufika laki moja. Fundi alivuta kitasa cha pembeni, kifuniko kikafunguka, na vumbi la rangi ya udongo wa mtaani kwetu likaonekana limejipanga kwenye feni ya prosesa kama blanketi. Kwanza alilitoa hilo, kwa brashi ya rangi na blowa, akiwa ameishika feni kwa kidole isizunguke. Kisha alichomoa nyaya mbili bapa kwenye diski, akazichomeka kwenye SSD. Ni kitu chepesi kiasi cha kutia shaka, hakizidi kiganja, hakina sauti. Alipoiwasha tena, baada ya kupiga Windows upya, ilikuwa tayari kabla hatujamaliza kuvuta viti. Niliona aibu kidogo kwa niaba ya wote waliotushauri tuitupe.

Kwa anayekwenda kununua, kuna hatari moja ambayo ni lazima niitaje. Sokoni zimo SSD na flashi zilizoandikwa ukubwa zisizo nao. Programu ya ndani imechezewa ili iiambie kompyuta kuwa nafasi ni kubwa. Ukiendelea kuhifadhi, mafaili mapya yanayafuta ya zamani, na hujui hadi siku unapoitafuta picha ya harusi. Njia ya kuikamata ni kuijaza yote na kuisoma tena siku ileile uliyoinunua, na kuna programu ya bure ya kazi hiyo inayoitwa H2testw. Bei ikiwa nusu ya maduka yote mengine, hiyo nayo ni taarifa.

Ramu ilifuata miezi kadhaa baadaye. Hapa ujuzi mdogo unaokoa pesa nyingi. Mashine yetu inatumia DDR3 ya kompyuta ya mezani, yenye pini 240. DDR3 ya laptop ina pini 204 na ni fupi. DDR4 ina pini 288 na mkato wake uko mahali pengine, haiingii hata ukiisukuma kwa nguvu. Ni afadhali kuchomoa ile uliyonayo na kwenda nayo dukani mkononi. Tuliongeza gigabaiti 4 nyingine ya mtumba, iliyong'olewa kwenye boksi lililokufa, na tuliiweka kwenye nafasi inayoshirikiana na ile ya kwanza ili prosesa isome zote mbili kwa pamoja. Nilipoibonyeza, vile vishikio viwili vya pembeni vilijifunga vyenyewe kwa mlio mkavu. Binti akasema, “Mama, imeitika.”

Kuna jambo linanigusa hapa. Mwishoni mwa 2025 bei za ramu mpya zilipanda dunia nzima, kwa sababu viwanda vichache vinavyozitengeneza, Samsung na SK Hynix za Korea Kusini na Micron ya Marekani, vimeelekeza nguvu kwenye vituo vikubwa vya akili mnemba. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na biashara ya Crucial, chapa yake ya ramu na SSD kwa watu wa kawaida. Uamuzi wa bodi moja ya wakurugenzi Marekani unafika hadi kaunta ya Kariakoo. Ramu kuukuu za DDR3 hazigombaniwi na vituo vile, na kwa mara hii kuwa nyuma kumetukinga. Lakini anayejikusanyia kununua mashine mpya zaidi ataonja bei hiyo, na hajaulizwa na mtu.

Mtu wa Madale haoni ajabu kuitengeneza kompyuta kwa vipande, kwa sababu ndivyo anavyojenga. Pita barabara ya kutoka Tegeta kuelekea Goba uingie mtaa wowote: utakuta msingi uliosimama, boma lililofika kwenye lenta, nyumba iliyopauliwa ambayo vyumba viwili vina madirisha na watu, na vingine vina matundu yaliyozibwa kwa mabati. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kiko jirani tangu 1966, na bado mfuko mmoja hununuliwa kwa kufikiriwa. Hakuna anayesema nyumba ile imeshindikana. Wanasema imefika lenta. Unajua kilichobaki, unajua kinachotangulia, huweki jipsamu kabla ya bati. Kompyuta nayo ina utaratibu wake: anayeanza na ramu huku diski inakwaruza, au anayenunua monita pana ya kupendeza wakati prosesa inangoja data, amepaka rangi ukuta usio na paa.

Lakini kuna uzee ambao bisibisi haiutoi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inapokea, isipokuwa chache, prosesa za kizazi cha nane kuendelea, zilizoanza kutoka 2017. Yetu ni ya kizazi cha tatu. Ina kasi ya kutosha, ina SSD, ina ramu ya kutosha, na mlangoni inaambiwa hapana. Microsoft imetoa nyongeza ya masahihisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha, hadi Oktoba 2026. Sipingi sababu za usalama. Wizi wa mtandaoni upo na unaumiza watu wetu. Ninachokataa ni kuzigeuza mamilioni ya mashine nzima kuwa takataka kwa tarehe moja, kisha mzigo huo kuangukia nchi ambazo ndizo zilizokuwa zimezipa maisha ya pili.

Njia nyingine ipo na haina malipo. Kwenye SSD ileile tuliweka mfumo wa Linux Mint pembeni ya Windows. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itahudumiwa hadi 2029. Wanaodhani mambo haya ya programu huria si ya kwetu wakumbuke mwaka 2004, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulipotoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, bure, kabla kampuni kubwa hazijatuletea programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ile ilistahili kuendelezwa kwa nguvu zaidi kuliko ilivyoendelezwa, na inaniuma kwamba vijana wengi wa leo hawajaisikia. Mint ina usumbufu wake: hati za Word zenye majedwali wakati mwingine huvurugika mpangilio, na mafundi wengi wa mtaani bado hawajaizoea. Binti aliizoea kabla yangu. Anaingia mtandaoni kwa Mint, na kazi ya shule inayodai Word anaifanya kwenye Windows huku waya wa intaneti umechomolewa.

Sitaki kuonekana ninatetea kila boksi bovu. Mwaka wa fedha 2009/10 Uganda ilizuia uingizaji wa kompyuta, majokofu na televisheni za mtumba, na hofu iliyokuwa nyuma ya hatua hiyo ina msingi: mashine nyingi huletwa zikiwa zimebakiza miezi, na baada ya hapo ni sumu yetu. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni asilimia 22.3. Nchini mwetu kanuni za kusimamia taka hizi zilitungwa mwaka 2021. Mtaani kwetu bado sijaona mahali pa kupeleka mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) iliyokufa isipokuwa kuichanganya na maganda ya ndizi hadi dampo la Pugu Kinyamwezi. Vibanda vya mafundi ndivyo vinavyofaa kuwa vituo vya kwanza vya kuzipokea, kwa kuwa huko ndiko zinakofika zote, na fundi anajua kipi bado kina uhai. Anayeng'oa ramu kwenye boksi lililokufa na kuitia kwenye boksi hai amefanya kazi ya mazingira ambayo hakuna anayemlipa.

Kinachofuata kwenye orodha yetu ni UPS, kifaa cha betri cha kuishikilia kompyuta umeme unapokatika. Bwawa la Julius Nyerere limeleta megawati zake 2,115, na umeme sasa ni bora kuliko miaka ile ya mgao, lakini nguzo za huku bado hutikiswa na mvua za masika, na kompyuta ya mezani haina betri ya kuihurumia: ukikatika, kilichokuwa hakijahifadhiwa kimekwenda. UPS za mtumba zipo tele na ni rahisi. Hiyo ndiyo sehemu pekee ambayo nimeamua tusinunue mtumba, kwa sababu betri yake ya risasi huchakaa hata ikiwa imekaa tu stoo bila kuguswa, na nyingi zinazouzwa hulia dakika moja na kuzima. Tutachanga hadi mpya ipatikane. Kwa sasa binti amejizoesha kubonyeza Ctrl na S kila anapomaliza aya.